Giaboksi ya mashua ya tanga: mwongozo kamili wa kuitunza na kuipoza

Giaboksi nyingi zinazong'olewa kwenye mashua za tanga na kubebwa hadi gereji hazikuanza kuharibikia ndani. Tatizo lilianzia nje: kebo isiyovuta mpaka mwisho, oili isiyo yake, au maji ya chumvi yaliyopenya kupitia kipoza oili. Kung'oa giaboksi katika chumba chembamba cha injini ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi shafti ya propela lazima isogezwe nyuma. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vitu unavyoweza kukagua ukiwa umepiga magoti, spana namba 17 mkononi na tochi mdomoni. Kufungua giaboksi kunakuja mwisho, na mara nyingi hutafika huko.

Tunazungumzia injini za dizeli za ndani zenye nguvu ya farasi 10 hadi 50, zinazozungusha shafti ndefu inayotoka nyuma ya mashua. Mashua zenye mguu unaoshuka moja kwa moja majini chini ya injini ni habari nyingine. Mguu huo umezama baharini na unajipoza wenyewe; cha kuhofia pale ni mpira mkubwa unaozuia maji yasiingie chomboni.

Jua kwanza ni giaboksi gani

Futa uchafu ubavuni, utafute kibati cha chuma au stika. Unahitaji vitu vitatu: modeli, uwiano wa gia (injini inazunguka mara ngapi shafti ikizunguka mara moja), na aina ya oili. Kama kibati kimeliwa na kutu, namba ya injini na kitabu chake vitakuelekeza.

Kundi la kwanza ni Yanmar za mfululizo wa KM, kama KM2P inayokuja na injini za 2YM15, 3YM20 na 3YM30. Ndani yake klachi ni koni: koni inabanwa ndani ya gia yenye umbo kama lake, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaozungusha propela. KM2P inachukua lita 0.3 tu za oili, na oili yenyewe ni ya injini, SAE 30, daraja la API CD au zaidi. Haichukui ATF, oili nyekundu ya gia za otomatiki za magari.

Kundi la pili ni Hurth za HBW, ambazo baadaye ziliingia chini ya ZF ya Ujerumani na kubadilishwa majina: HBW 50 ikawa ZF 5M, HBW 100 ikawa ZF 10M, HBW 150 ikawa ZF 15M. Hizi zina pleti za klachi zilizopangwa kwa tabaka, na zinatumia ATF, Dexron II au III. HBW 100 inachukua kama lita 0.35 na HBW 150 kama lita 0.55.

Kundi la tatu ni giaboksi za haidroli kama Borg Warner Velvet Drive. Zina pampu ya oili ndani yake, zinabana klachi kwa presha, na karibu zote zina kipoza oili cha nje kilichounganishwa kwa hosi.

Ukitia oili ya injini kwenye Hurth, pleti zinaweza kuteleza. Ukitia ATF kwenye Yanmar ya koni, umebadilisha msuguano ambao mtengenezaji aliupigia hesabu, na koni inaweza kuanza kuteleza chini ya mzigo. Oili ya kupima, ile inayouzwa kwa chupa za maji dukani, usiitie kabisa. Kwa ujazo wa robo au nusu lita, kopo lililofungwa halitakufilisi.

Joto linatoka wapi

Giaboksi ndogo iliyo salama hupoteza asilimia chache ya nguvu inayopita ndani yake: meno ya gia yanasuguana, beringi zinazunguka, oili inapigwapigwa. Chukua 3YM30 yenye farasi 29, yaani karibu kilowati 21. Ikipoteza asilimia 3, ni wati 630 za joto. Hiyo ni pasi ndogo ya umeme iliyowashwa mfululizo ndani ya kisanduku cha alumini chenye theluthi moja ya lita ya oili. Sasa klachi ikianza kuteleza kwa asilimia 8 tu, joto linaongezeka kwa zaidi ya wati 1,600. Ndiyo maana giaboksi inayoteleza huungua haraka, na ndiyo maana kuongeza kipoza kwenye giaboksi inayoteleza ni kuficha ugonjwa.

Joto hilo linatoka kwa njia mojawapo kati ya tatu. Giaboksi ndogo, kama KM2P na Hurth nyingi, zinapozwa na hewa inayopita juu ya bodi yake. Nyingine zina bamba au jaketi la maji lililofungwa ubavuni: maji ya bahari yanapita ndani ya bamba, hayakutani na oili, ila yanavuta joto kupitia chuma. Za haidroli zina kipoza chenye mirija ndani ya silinda, maji ya bahari upande mmoja na oili upande wa pili, na ukuta mwembamba wa shaba au kupronikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli) katikati.

Hapa pwani yetu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya havilipi uzito. Wakati wa kaskazi maji ya juu ya bahari kati ya Lamu na Mtwara hufika nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi. Mashua ileile ikiwa Bahari ya Kaskazini ingepozwa na maji yaliyo baridi zaidi kwa nyuzi 10 au zaidi. Kipoza kilichozibwa nusu kule kinaweza kupita msimu mzima bila mtu kugundua; Kilifi au Tanga mwezi wa Februari kitakuumbua ndani ya saa moja.

Pima joto, usikisie

Nunua kipimajoto cha kuelekeza, kile chenye umbo la bastola. Alumini inayong'aa hukidanganya na kukifanya kisome joto la chini kuliko lililopo, kwa hiyo bandika kipande cha tepu nyeusi ubavuni mwa giaboksi, mahali unapopafikia kwa urahisi, upime hapohapo kila mara. Endesha kwa mwendo wako wa kawaida saa nzima, kisha andika mambo matatu: joto la giaboksi, joto la maji ya bahari, na mizunguko ya injini.

Bodi kuwa kati ya nyuzi 60 na 90 ni jambo la kawaida. Kwa nyuzi 60 mkono hauwezi kukaa juu ya chuma zaidi ya sekunde chache, hivyo "inaunguza mkono" peke yake si dalili ya ubovu. Ikipita 100 kwenye bodi, anza kutafuta sababu. Kwa Hurth, kikomo cha joto la oili yenyewe ni 130, na oili ya ndani huwa na joto kuliko bodi. Ila namba inayokusaidia zaidi ni tofauti kati ya leo na mwezi uliopita kwa mizunguko ileile. Ikipanda nyuzi 15 na bahari haijabadilika, kuna kitu.

Kubadilisha oili

Mara ya kwanza baada ya kufunga giaboksi mpya au iliyofanyiwa matengenezo ni saa 25 hadi 50 za injini kufanya kazi. Baada ya hapo, kila saa 250 au kila mwaka, lipi litangulie. Mashua ya tanga mara nyingi haifikishi saa 250 kwa mwaka, lakini unyevu hausubiri saa.

Andaa oili sahihi, pampu ya kunyonya yenye mrija mwembamba, kopo lenye alama za ujazo, wosha mpya ya shaba ya kifuniko cha kupimia, tambara jeupe na sumaku ndogo.

1. Washa injini, itie gia mashua ikiwa imefungwa gatini, iache ifanye kazi dakika 10 kwa mizunguko ya chini. Oili ya moto inatoka na uchafu wake. Ya baridi inauacha chini.
2. Zima injini na utoe ufunguo. Mikono yako itakuwa karibu na shafti.
3. Safisha kwa tambara kuzunguka kifuniko cha kupimia kabla ya kukifungua. Chembe moja ya mchanga ikianguka ndani, inakwenda kwenye beringi.
4. Ingiza mrija mpaka uguse chini kabisa, unyonye. Usogeze mbele na nyuma, kwa sababu bodi ina kona zinazobakiza oili. Kifuniko cha chini cha kumwagia mara nyingi hakifikiki, au kimekwama kwa kutu. Usikilazimishe kama pampu inafanya kazi.
5. Pima kilichotoka. Kama giaboksi ya lita 0.35 imetoa lita 0.2, oili imekwenda mahali na lazima upajue. Ikiwa imetoa zaidi ya ujazo wake, kuna maji.
6. Mimina kidogo juu ya tambara jeupe uisome, kama inavyoelezwa hapa chini.
7. Jaza polepole, chini kidogo ya kiasi cha kitabu, subiri dakika tano, pima, ongeza mpaka alama.
8. Funga na wosha mpya. Endesha dakika tano mbele na rivasi, zima, subiri, pima tena.

Upimaji ndipo watu wengi wanapokosea. Kwenye Hurth, kijiti cha kupimia oili, kilichoshikana na kifuniko, hupimwa kikiwa kimekaa tu juu ya mdomo wa tundu, bila kukazwa kwa nyuzi zake. Ukikikaza halafu ukasoma, kijiti kimezama zaidi, utaona oili imefika kumbe imepungua. Kwa giaboksi za haidroli pima mara tu baada ya kuzima, ingali ya moto, kabla oili ya kwenye hosi na kipoza haijarudi chini. Kila modeli ina utaratibu wake, na kitabu ndicho cha mwisho.

Usijaze kupita alama ukidhani unaiongezea ulinzi. Oili ikizidi, gia zinaipiga mpaka inatoa povu. Povu halilainishi, halibebi joto, na linatafuta njia ya kutokea kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Giaboksi nyingi zinazolaumiwa kwamba "zinapata moto bila sababu" zimejazwa tu kupita kiasi.

Kusoma oili kwenye tambara

ATF nzima ni nyekundu na unaona tambara kupitia kwake. Ikiwa kahawia na inanuka kama kitu kilichoungua, imepikwa: klachi inateleza, au upozaji umekufa. Vumbi jepesi la kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa ncha ya kidole ni meno ya gia au beringi, na hapo ndipo kufungua kunapokuwa halali. Vimetameta vya rangi ya shaba kwenye Hurth ni pleti zinazosagika.

Rangi ya maziwa, au waridi la strawberi kwa ATF, ni maji. Usiahirishe. Maji ya chumvi yakikaa wiki mbili ndani ya giaboksi iliyozimwa yanachora kutu kwenye beringi, na beringi yenye alama ya kutu haiponi.

Maji yanaingia kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kipoza kilichotoboka. Ya pili ni sili ya nyuma, pale maji ya chini ya chombo yanapopanda mpaka kwenye kaplingi inayounganisha giaboksi na shafti, au pakingi inayozuia maji pale shafti inapotokea nje inapovuja sana na kaplingi kuyarusha maji pande zote. Ukiona mstari wa chumvi uliochorwa kama duara kuzunguka kaplingi, anzia kwenye pakingi.

Dawa ni kuosha giaboksi kwa oili yenyewe. Ondoa kinachosababisha kwanza. Nyonya yote, jaza oili ya bei nafuu ya aina ileile, endesha dakika 10 ukibadilisha mbele, nyutro na rivasi, nyonya tena. Rudia mpaka itoke bila utusitusi. Mara tatu ni kawaida, wakati mwingine nne. Kisha tia oili nzuri, na uikague tena baada ya saa tano za kazi. Usitumie dizeli au petroli kuoshea: inaondoa ulainishaji kwenye beringi zinazozunguka kasi, na mabaki yake yanapunguza nguvu ya oili mpya. Oili chafu ipeleke gereji inakokusanywa. Si ya kumwaga baharini wala chini ya mikoko.

Upande wa maji: kipoza na njia yake

Fuata hosi kwa mkono kuanzia vali ya maji ya bahari. Mpangilio wa kawaida ni vali, chujio, pampu ya maji, kipoza cha giaboksi, kipoza cha injini, kisha kona ya ekzosi. Katika mashua nyingine kipoza cha giaboksi kiko kabla ya pampu. Tofauti hiyo ina maana kubwa.

Kikiwa baada ya pampu, ndicho kitu cha kwanza kupokea vipande vya impela iliyokatika, lile gurudumu la mpira lenye mabawa linalosukuma maji ndani ya pampu. Mabawa ya mpira yanayovunjika hukwama kwenye mdomo wa mirija, na kila unapobadilisha impela bila kuvitafuta vipande, unaviacha vikusanyike. Kanuni ni hii: hesabu mabawa ya impela uliyoitoa. Likikosekana moja, fungua hosi ya kuingia kwenye kipoza cha giaboksi ulitafute hapo kabla ya kwingine.

Kikiwa kabla ya pampu, kinapata mwani, majani ya mikoko, yavuyavu na vipande vya plastiki vilivyopita kwenye chujio. Pia, ufa mdogo katika hosi ya upande huo haumwagi maji. Unavuta hewa, na injini na giaboksi vyote vinapata moto huku chombo kikiwa kikavu. Hosi ya upande wa kunyonya lazima iwe na waya ndani yake, la sivyo inajibana yenyewe mizunguko ikipanda.

Kukisafisha, funga vali ya bahari, weka ndoo chini, legeza klipu na uchomoe hosi za maji. Ukiangaza tochi upande mmoja unatakiwa uone duara nzima upande wa pili, au mirija yote ikiwa wazi. Takataka laini zitoe kwa kijiti cha mbao. Waya wa chuma unakwangua ngozi ya ndani ya mirija na kuanzisha tundu. Gamba jeupe la chumvi na chokaa linalainika kwa siki nyeupe: ziba upande mmoja, jaza siki, acha usiku mzima, suuza kwa maji mengi ya baridi. Njia hii ni ya vipoza vya shaba na kupronikeli. Bamba la alumini ligusishe siki kwa dakika tu, na asidi ya betri au ya kusafishia vyoo usiiguse kabisa.

Vipoza vingine vina zinki ndogo ya kuskuru ubavuni, inayoliwa badala ya kipoza chenyewe. Ikaguliwe kila miezi miwili au mitatu katika maji yetu ya moto, na ibadilishwe ikiwa imebaki nusu. Ukiivuta na kukuta nyuzi za shaba bila zinki, vipande vimedondoka ndani. Vitoe, maana vinaziba mirija kama mabawa ya impela.

Kama una shaka kwamba kipoza cha haidroli kimetoboka, kitoe kabisa ukipime. Ziba mdomo mmoja wa upande wa oili, unganisha pampu ya baiskeli au kompresa kwenye mdomo wa pili, tia presha ya bar 1 hadi 2, kisha kizamishe kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Mapovu yakitoka kwenye milango ya maji, ukuta umekwisha. Wapo wanaojaribu kukichomelea. Sisi tunasema kibadilishwe. Mrija mmoja ukitoboka kwa kutu, wenzake wako njiani.

Dalili ya kipoza kilichotoboka hugeuka kulingana na wakati. Injini ikiwa kazini, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, hivyo oili inakimbilia baharini: utaona rangi za upinde wa mvua kwenye maji ya ekzosi na kijiti kikishuka. Injini ikizimwa, maji yanarudi upande wa oili, na asubuhi unakuta maziwa. Mtu anayepima oili jioni tu anaona inapungua, anaongeza, na haelewi.

Kwa bamba la maji lililofungwa ubavuni, lifungue mara moja kwa mwaka. Chumvi na kutu vikijaa kati ya bamba na bodi, joto halipiti hata kama maji yanatiririka vizuri. Safisha nyuso zote mbili, paka grisi ya kupitisha joto kwa unene wa karatasi, rudisha na ukaze boliti kwa zamu.

Giaboksi inayopozwa na hewa inahitaji hewa tu, na watu huisahau. Tabaka za rangi, mafuta yaliyoganda na sponji ya kuzuia kelele iliyobandikwa sentimita mbili kutoka kwenye bodi, vyote vinafungia joto. Isafishe, acha nafasi, na uhakikishe chumba cha injini kina tundu la kuingizia hewa na la kutolea. Feni ya volti 12 yenye mpira unaoelekezwa kwenye giaboksi inasaidia kweli, baada ya kuhakikisha klachi haitelezi.

Kebo, mshukiwa anayesahaulika

Klachi isiyobanwa mpaka mwisho inateleza, inapata moto, inajiua. Mtu anauza mashua na bei ya giaboksi mpya imeshakatwa, kumbe kebo ilikuwa imejikunja.

Jaribio lake ni la dakika tano. Mashua ifungwe vizuri gatini, injini izimwe. Chomoa kebo kwenye mkono wa giaboksi. Mtu mmoja awashe injini kwa mizunguko ya chini, mwingine asukume mkono wa giaboksi kwa kiganja mpaka mwisho, mbele kisha rivasi, akijiepusha na shafti na mikanda. Kama kwa mkono inashika kwa nguvu na kwa kebo inateleza, giaboksi haina kosa.

Kwenye Hurth, kebo iwe na pembe mraba na mkono wa giaboksi ukiwa nyutro, na safari kutoka nyutro kwenda mbele iwe sawa na ya kwenda rivasi: si chini ya mm 35 ukipima kwenye tundu la nje la mkono, au mm 30 kwenye tundu la ndani. Pleti zinavyolika, mkono unahitaji kusafiri zaidi, kwa hiyo kebo iwe na akiba. Kati ya mkono na kifuniko cha ubavu kibaki angalau nusu milimita. Kifuniko hicho chenyewe usikilegeze: kimepangwa kiwandani, na ukikisogeza mbele na rivasi hazitashika sawa.

Badilisha gia injini ikiwa chini ya mizunguko 1,000, pumua kidogo kwenye nyutro, kisha sukuma kwa uamuzi. Kuingiza polepole, kwa kuionea huruma, ndiko kunakoipika.

Kupima utelezi

Bandika kipande cha tepu inayong'aa kwenye shafti, tumia kipimamizunguko cha mwanga. KM2P yenye uwiano wa 2.62 injini ikiwa 2,000, shafti inatakiwa kuzunguka 763. Ukisoma 700, zaidi ya asilimia 8 inapotea kwenye klachi. Hakikisha kwanza mita ya injini haidanganyi, kwa kupima puli ya kranki kwa kifaa hichohicho. Fanya jaribio ukiwa na mzigo, mashua ikisukuma dhidi ya kamba, maana bila mzigo klachi mbovu nayo inashika.

Koni ya Yanmar ikithibitika inateleza wakati kebo na oili viko sawa, kwa kawaida nyuso zake zimeng'aa kama kioo. Fundi anaweza kuzisugua pamoja kwa pesti laini ya kusagia vali mpaka zipate rangi ya kijivu sawasawa pande zote, kisha aoshe kila chembe ya pesti. Pleti za Hurth hazisuguliwi, zinabadilishwa.

Mkono wa gia ukiwa chini ya tanga

Injini imezimwa, tanga limejaa, maji yanaizungusha propela. Yanmar wanataka KM iachwe nyutro. Ukiifunga kwenye gia yoyote, koni inasuguliwa bila kubanwa vya kutosha. Hurth wanaruhusu nyutro au rivasi ya kuzuia shafti, kamwe si mbele, kwa sababu maji yanayosukuma kwa mwelekeo uleule yanalegeza mbano wa pleti na kuziacha ziteleze usiku kucha. Kama mlio wa shafti unakukera, nunua breki ya shafti au propela ya kukunja.

Propela na mstari wa shafti

Propela iliyoota magamba huongeza mzigo mpaka injini haifiki mizunguko yake ya juu. 3YM30 inatakiwa ikaribie 3,600 kwa kasi kamili. Ikiishia 2,900 na moshi mweusi, shuka na kikwanguo kabla ya kugusa kitu kingine.

Mpangilio wa kaplingi hupimwa mashua ikiwa majini, angalau siku moja baada ya kushushwa, kwa sababu mwili wa chombo hubadilika umbo ukielea. Fungua boliti, sogeza nyuso zikaribie, pima pengo kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mapengo) juu, chini, kulia na kushoto. Tofauti isizidi mm 0.1 kwa kaplingi ya kipenyo cha mm 100. Mstari mbovu hula sili ya nyuma, na kwenye Hurth ndogo flenji na shafti ya nyuma ni kipande kimoja, hivyo kubadilisha sili ya shilingi chache kunadai giaboksi nzima ifunguliwe. Mlio wa kugongagonga unaosikika injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, halafu ukipotea ukiongeza, mara nyingi ni dampa kati ya flaiwili na giaboksi. Springi zake zimelegea.

Kipoza kikipasuka mkiwa baharini

Pandisha tanga kwanza, zima injini, funga vali ya bahari. Usimwagie maji ya bahari bodi iliyo moto, alumini hupasuka.

Upande wa maji, chomoa hosi mbili za kipoza uziunganishe zenyewe kwa bomba fupi la kipenyo chake, ili maji yaendelee kwenda kwenye injini. Upande wa oili wa giaboksi ya haidroli, unganisha hosi mbili pia. Usizizibe, maana pampu inahitaji njia ya kurudisha oili. Weka viungio hivyo viwili na klipu nane kwenye mfuko mmoja uliofungwa karibu na injini, vikiwa vimejaribiwa kwamba vinaingia kweli. Osha giaboksi kwa oili uliyo nayo, jaza, kisha tumia injini kwa mizunguko 1,200 hadi 1,500 tu, ukielekeza kipimajoto kwenye ile tepu nyeusi kila dakika tano. Ikifika 90, weka nyutro na uiache ipoe kabla ya kuendelea kuingia bandarini.